Siku Mbili Angani

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kwa sababu hawakuwahi kukutana na Rubani. Njia yake ilirefuka kila mwaka, na watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakija kukaa barazani kwake kuisikiliza inavyorefuka.

Rubani hakuwa rubani. Alikuwa karani wa mizani kiwandani, kazi ya kusimama kando ya mizani na kutamka kwamba gunia limetimia au halijatimia, mpaka akastaafu akabaki na kazi ya kutamka tu. Jina alilipata kwa sababu katika mtaa wao yeye ndiye mtu wa kwanza kupanda ndege. Zamani, rafiki yake aliyehamia ng'ambo alimtumia tiketi aende kujaribu maisha. Akaaga kwa machozi, akasindikizwa mpaka stendi ya basi, akaondoka. Baada ya wiki chache akarudi na sanduku lake lile lile, akasema baridi ya kule si ya binadamu na chakula chao hakina chumvi. Yule rafiki hakuandika tena, na baadaye zikaja habari kwamba amefariki, Mungu amrehemu. Kwa hiyo hakubaki mtu wa kuulizwa ila Rubani mwenyewe, na Rubani alipenda sana kuulizwa.

"Ndege niliyopanda mimi ilikaa angani kutwa nzima," ndivyo alivyosimulia mwanzoni. Alipopandishwa cheo kiwandani ikawa kutwa na kucha. Mvi zilipoanza kumwota ikawa siku mbili na ushee, tena katikati kuna mahali ambapo saa za mkononi hufa, na msafiri hupoteza siku nzima ya maisha yake asiione tena. Jirani mmoja aliwahi kuuliza siku hiyo huwa inakwenda wapi. Rubani alimtazama kwa huruma akamwambia hayo ni mambo ya anga, hayaelezeki kwa mtu wa ardhini. Jirani akaomba radhi. Ndivyo mtaa wenyewe ulivyokuwa.

Mkewe aliyasikia yote hayo kupitia dirishani, mkono mmoja umeshika pasi. Watu walimwita Mama Pasi. Alikuwa akipiga pasi nguo za hoteli mbili za mjini: mashuka, vitambaa vya meza, mashati meupe ya wahudumu. Chumba chote cha mbele kilikuwa cha kazi hiyo. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, na ndoo ya wanga iliyofunikwa sinia. Meza ile ndiyo iliyomsomesha binti yao wa pekee mpaka akafika chuo, akaolewa, akaenda kuishi ng'ambo. Mizani ya Rubani ilisomesha mdomo.

Na Mama Pasi alijua. Alijua tangu siku ile ile mumewe aliporudi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kazi yake yeye ilikuwa nguo. Alilifungua lile sanduku afue, akakuta shati la bluu limebadilishwa kifungo, cha pili kutoka juu. Kilishonwa kwa uzi wa kijani, ukazungushwa shinani kama kamba ya ng'ombe, na fundo likaachwa juu badala ya chini. Dunia nzima alikuwapo mtu mmoja tu anayeshona vifungo hivyo, naye ni mke wa binamu yake Rubani, waliokaa jiji kuu, karibu na uwanja wa ndege. Ukoo mzima ulikuwa ukimcheka kwa mkono wake mzito. Hakuna mtu anayekwenda ng'ambo akarudi na kifungo cha mke wa binamu.

Hakusema kitu. Miaka ikapita, wakakutana msibani na yule mwanamke, naye akayamwaga bila kuulizwa, kwa wema kabisa. "Mwenzangu, shemeji tulikaa naye vizuri. Alifika mlango wa uwanja, akaiona ndege kupitia kioo, miguu ikamwisha nguvu. Sisi alituambia ndege imeharibika. Kila asubuhi anasema leo watatengeneza." Mama Pasi akamshukuru kwa kumtunza mumewe, akarudi kuosha vyombo vya matanga.

Alinyamaza kwa sababu aibu ya mume huvaliwa na mke, na pia kwa sababu ilimfurahisha. Raha yake ilikuwa kukaa na pasi yake nyuma ya dirisha na kumsikiliza mwanamume aliyeshindwa na mlango wa kioo akiwafundisha wenzake habari za mawingu. Alimdharau kwa utulivu, kila siku, kama mtu anavyokunywa chai yake ya saa kumi. Aliamini dharau hiyo inamtosha na kwamba haimgharimu chochote.

Ilimgharimu. Binti yao alipopata mimba ya kwanza alipiga simu kumwomba mama yake aende akamsaidie kujifungua. Rubani akamkalisha mkewe kitako. "Mama watoto, siku mbili angani si mchezo. Damu inaganda miguuni. Masikio yanapasuka. Mimi mwanamume nilinusurika kwa tundu la sindano, wewe na presha yako hiyo utaletwa ndani ya sanduku." Na Mama Pasi, aliyejua kwamba mtu huyu hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege, akaingiwa na hofu. Uongo ule alikuwa ameusikia miaka mingi mno kupitia dirisha lile lile, ukamwingia kama moshi unavyoingia kwenye nguo zilizoanikwa jikoni. Akamwambia mwanawe hataweza. Binti akajifungua mumewe akiwa kazini, akashonwa, akashikwa na homa, akakaa wiki nzima hawezi kumnyanyua mtoto wake mwenyewe. Kwenye simu alisema, "Si kitu, mama. Najua ni mbali." Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma mama yake zaidi.

Sasa binti alikuwa na mimba ya pili, na mtoto wa kwanza ameshaanza shule bila bibi yake kumwona ila kwenye kioo cha simu. Safari hii hakuomba. Alituma tiketi.

"Mama, tiketi ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti uliyotengeneza ile mara ya kwanza," alisema kwenye simu. "Viza huku hawadai. Nenda zahanati wakuchanje, upewe kadi. Hakuna mwingine anayeweza kuitumia tiketi hiyo, mama, umenielewa? Ila baba akinipigia kuniomba niibadilishe iwe yake, sitaweza kumkatalia. Wewe unanijua."

Mama Pasi alimjua. Tangu utotoni binti huyu alikuwa akisikia kikohozi cha baba yake mlangoni anaficha hata kitabu.

"Basi hatakupigia," alisema, akaendelea kunyoosha kola.

Habari ya tiketi ilienea kabla pasi haijapoa, na ukoo ukaitisha kikao. Ukoo ule ulikuwa hauwezi kununua kuku bila kikao. Kaka yake mkubwa Rubani, ambaye watu walimwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikaa mahali bila kuongoza, alishika kiti cha katikati. Mashuka ya hoteli yakasukumwa pembeni ili wazee wapate pa kuegemea.

"Tumepata tiketi moja," alifungua Mwenyekiti, kama kwamba na yeye aliichangia. "Swali ni nani aende."

Rubani aliinamisha kichwa, akasubiri kuombwa. Alipoona maombi yanachelewa akajiomba mwenyewe. "Mimi kwa kweli nimechoka na mambo ya ndege. Lakini tuseme ukweli. Ile si safari ya mtu anayeanza. Kilomita maelfu kwa maelfu, siku mbili na ushee. Mama watoto ni mtu wa kukaa nyumbani. Ataanza kuuliza choo kiko wapi, atalia, atatuaibisha mbele ya mataifa."

Watu wakaguna kwa kukubali. Debe tupu haliachi kuvuma, na masikio matupu hayaachi kuitikia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama tiketi ina jina. Kwao tiketi ilikuwa tiketi, kama ya basi. Imekatiwa nyumba, basi atakwenda yeyote wa nyumba. Na yule mtaalamu wao wa anga ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote.

"Sasa Rubani akifika kule atafanya nini?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango. "Atamkanda mzazi?"

"Atasimamia," alisema Mwenyekiti.

"Atasimamia nini?"

"Atasimamia, bwana." Akageuka. "Shemeji, una neno?"

Mama Pasi alikuwa akikunja foronya. Kama angetamka, wangepiga simu, na simu ikipigwa binti angeibadilisha tiketi kwa sauti ndogo na baba angeichukua. "Sina neno, shemeji," alisema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kikao kilikisikia kimya hicho kikadhani ni adabu. Mwenyekiti alimsifu kwa kuwa mke mwenye kujua nafasi yake, na chai ikaletwa.

Jambo moja tu lilikuwa halijamwelea: mtu aliyekimbia ndege mara moja anaitafutia nini tena? Jibu alilipata jioni ile ile akitoa nguo kambani. Rubani alikuwa nyuma ya choo na simu sikioni, akinong'ona kwa ile sauti yake ambayo hata ikinong'ona inahutubia. "Wiki tatu tu, ndugu yangu. Chumba kile kile. Mkeo asihangaike na chakula, mimi nakula chochote."

Mama Pasi alisimama na shuka mikononi. Kwa hiyo ndiyo hiyo. Mzee huyu alikuwa tayari binti yake azae tena peke yake na tiketi ioze, ili mkewe asije akarudi na urefu halisi wa ile safari. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Dharau aliyoizoea miaka yote, ile ya kunywea chai, aliitafuta asiione. Aliyoiona ilikuwa hasira tupu.

Kuanzia hapo alifanya mambo yake taratibu. Alikwenda zahanati akasema anapimwa presha, akachanjwa, akatoka na kadi yake. Hotelini aliomba ruhusa, wakampa. Na safari ilipokaribia akafunga sanduku la mumewe, kwa sababu Rubani hakuwahi kufunga sanduku maishani, hata kujua soksi zake zinakaa kabati gani hakujua. Chini aliweka magauni yake mwenyewe, viatu vyake vya kufunga, shuka laini za mtoto mchanga alizozinyoosha mpaka zikawa kama karatasi, na mafuta ya kukandia. Juu kabisa akatandaza mashati mawili ya Rubani. Mwanamume akafungua zipu, akayaona mashati yake, akaridhika, akafunga.

Ukoo ulikodi basi dogo. Kumsindikiza msafiri ni heshima, na kukosa kumsindikiza ni maneno ya mwaka mzima. Rubani alijitahidi kuwakatisha tamaa. Uwanja ule una ulinzi mkali, alisema, hawaruhusu umati, mtu anaweza kukamatwa kwa kusimama tu. Walipoingia jijini alianza kutazama nje kwa wasiwasi, na walipoona kibao cha uwanja wa ndege akamgusa dereva begani.

"Nishushe hapa kwenye mzunguko, kijana. Magari hayaruhusiwi kule mbele."

"Mzee, mimi naleta abiria mpaka mlangoni kila siku ya Mungu," alisema dereva.

"Siku hizi wamebadilisha."

"Tangu jana jioni?"

"Mpeleke mpaka mlangoni," alisema Mama Pasi kutoka kiti cha nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu waondoke, na dereva akatii.

Mlango ulikuwa wa kioo, unafunguka wenyewe. Rubani aliutazama kama mtu anayemtazama mdai wake wa zamani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyonyooshwa mpaka inasimama yenyewe, maana mkewe hakutaka mtu aseme kazi yake mbaya. Mlangoni alisimama askari wa kike, msichana mwenye kofia iliyomzidi kidogo. Akapokea karatasi ya tiketi, akapokea pasipoti ya Rubani ambayo ilikuwa mpya kama sabuni, akatazama huku, akatazama kule.

"Mzee, tiketi hii ni ya mwanamke."

"Ya mke wangu," alisema Rubani. "Ni mamoja."

"Si mamoja, mzee. Jina si lako."

"Soma vizuri. Jina la mwisho ni la ukoo wetu."

"Ndege haipandwi na ukoo. Inapandwa na mtu."

Nyuma yao ukoo ukasogea. Mwenyekiti akapasua njia kwa fimbo yake. "Wewe uliposafiri," alimuuliza mdogo wake, polepole, "hukuona kwamba tiketi ina jina la mtu?"

"Zamani zile hayakuwapo mambo haya," alisema Rubani.

"Yalikuwapo, mzee," alisema askari, bila ubaya. "Mama yangu alilinda mlango huu huu kabla yangu."

Watu wakaanza kutazamana. Lakini Mama Pasi alikuwa hawatazami wao. Alimtazama mumewe, akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mabega yake yalishuka, pumzi ikamtoka ndefu, na uso wote ukalainika. Yule mwanamume alifurahi. Binti yake yuko kitandani ng'ambo amevimba miguu, tiketi ya kumfikia inarudishwa mikononi mwake, naye anashukuru moyoni kama mtu aliyeambiwa hana ugonjwa.

"Haya, mmesikia kwa masikio yenu," alisema, na tayari alikuwa amegeuza viatu kuelekea basi. "Nimezuiwa. Sheria ni sheria. Turudi."

Mama Pasi akapenya katikati yao. Aliingiza mkono kifuani, akatoa pasipoti na kadi ya chanjo zilizofungwa kwenye leso, akampa askari. "Jina hilo ni langu, mwanangu."

Askari akatazama picha, akatazama uso. "Ndiyo, ni wewe. Na mzigo?"

"Ni ule." Akalichukua sanduku mkononi mwa mumewe. Akachuchumaa pale pale sakafuni, akafungua zipu, akatoa mashati mawili, akafunga. Ukoo mzima uliona shuka za mtoto na magauni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Shemeji!" Mwenyekiti alishika kifua. "Jambo hili halikupita kwenye kikao. Tusogee hapa pembeni, tukae hata dakika chache, tulijadili kiungwana."

"Dawati linakaribia kufungwa, mama," alisema askari.

"Kaeni tu, shemeji," alisema Mama Pasi. "Mkishaafikiana mtanijulisha."

Rubani alikuwa amekauka midomo. Alijua watu wanasikiliza, na hata pale, hata katika hali ile, mdomo ulimshinda. "Mama watoto, siku mbili angani," alisema kwa sauti ya baraza. "Utaweza wewe?"

Mama Pasi akamsogelea karibu, akamwekea yale mashati kwenye mkono, akamtengeneza kola kama anavyofanya mke anayeaga. Maneno aliyosema hayakumfikia mtu mwingine. "Mke wa binamu yako anakungoja na chumba kile kile. Kifungo kikikatika, mwambie safari hii atumie uzi mweupe, fundo aliweke chini."

Hakungoja kuona uso wake. Kioo kilifunguka chenyewe, akapita, kikajifunga.

Ndani aliuliza choo kiko wapi, akaonyeshwa, na mataifa hayakuaibika. Aliuliza pa kupimia mzigo, pa kugongewa muhuri, pa kungojea, na kila alipouliza alijibiwa. Kwenye ndege aliwekwa karibu na msichana wa chuo aliyemfunga mkanda na kumwonyesha kioo kidogo mbele ya kiti. Pale palikuwa na ramani, na juu ya ramani kindege cheupe, na chini yake saa zilizobaki. Ndege iliponyanyuka alishika mikono ya kiti akasoma dua zote alizozijua. Masikio yaliziba, akameza mate, yakazibuka. Hayakupasuka.

Baadaye kidogo zikabaki saa nane. Alidhani kioo kimekosea, akangoja kijirekebishe. Wakaleta chakula, nacho kilikuwa na chumvi. Akala, akasinzia, akaamka, akatembea kwenye ujia katikati ya viti kunyoosha miguu kama zahanati walivyomwagiza. Saa zikabaki tano, zikabaki tatu. Mama Pasi aliyatazama yale maandishi, akaanza kupiga hesabu. Siku za harusi hotelini alikuwa akisimama mezani kwa muda mrefu kuliko huu, pasi mkononi, bila kukalishwa kiti wala kuletewa maji. Mashuka ya harusi moja yalikuwa marefu kuliko safari yote iliyomtenga na mwanawe.

"Mwanangu," alimgusa yule msichana. "Hii ndiyo tumefika nusu?"

"Tunakaribia kutua, bibi."

"Kutua wapi?"

"Tunakokwenda."

"Na ile sehemu ambayo saa zinakufa?"

Msichana akatabasamu, hakuelewa. "Unarudisha tu mshale nyuma kidogo, bibi. Nikusaidie?"

Mama Pasi akamnyooshea mkono. Msichana akazungusha kitufe cha saa kwa kidole kimoja, mara moja tu, kazi ikaisha. Ile siku nzima ya maisha iliyokuwa ikipotea barazani miaka yote ilikuwa hiyo. Alimkumbuka Rubani, akatayarisha matusi yake mazuri, yale aliyoyanoa nyuma ya dirisha kwa miaka, na yakamwishia mdomoni. Rubani alikuwa mwongo, lakini Rubani hakujua. Yeye alijua. Alikuwa na kifungo mkononi, na bado alimwambia mwanawe hataweza.

Mkwewe alimngoja nje ya forodha na mtoto. Binti alikuwa nyumbani, alisema, daktari amemkataza kusimama, lakini yuko salama na amekaza macho mlangoni tangu mchana. Jua la jioni lilikuwa bado halijazama. Wakaingia kwenye gari, mtoto akang'ang'ania kukaa nyuma na bibi yake. Alikuwa na paji la uso la mama yake, na koti lililofungwa vifungo pogo.

Alimkagua bibi kwa muda, kwa makini, kama anayelinganisha na picha ya kwenye simu. "Wewe ndiye bibi unayekaa mbali," alisema.

"Ndiye mimi."

"Mama alisema hukuja nilipozaliwa kwa sababu ni mbali sana."

"Mbali wapi," alisema Mama Pasi. "Asubuhi ya leo nilikuwa kwetu."

Alisema hivyo kwa kumdharau Rubani, kwa mazoea, wala hakufikiri. Mtoto ndiye aliyefikiri. Alitazama nje dirishani, akatazama viatu vya bibi, akarudi usoni kwake.

"Sasa mbona hukuja?"

Mama Pasi alikuwa na jibu la kila mtu. Alikuwa na jibu la Mwenyekiti, la kikao kizima, la mume na la binamu wa mume. Baba mtu kule mbele akajifanya anashughulika na barabara. Gari likapita taa, likapita daraja. Mwishowe akamvuta mtoto karibu, akaanza kumfungua vifungo vya koti na kuvifunga upya, kimoja kimoja, mpaka wakafika.